Ajensi ya maketing kwa biashara ya boti za watalii: nichukue wataalamu wa boti au hawa wa kawaida?

mtu_wa_fumba

Asalaam alaykum wakuu, naomba ushauri hasa kwa mliopo kwenye boti na utalii. Sie tuna biashara ya familia huku Fumba, Unguja, tunatoa wageni asubuhi tunawapeleka Menai Bay, mafungu ya mchanga, kisiwa cha Kwale, kuogelea na miwani kwenye matumbawe, chakula cha mchana halafu tunarudi jioni kwa tanga upepo ukiruhusu. Vyombo viwili, mashua ya mbao na boti ya faiba yenye injini mbili za Yamaha. Vibali vipo, mamlaka ya usafiri baharini wanatukagua, laifu jaketi zipo za wakubwa na watoto, manahodha ni watu wa hapahapa wanaijua bahari hii tokea wadogo.

Shida ni kuwapata wageni wenyewe. Tunaishi kwa hoteli na papasi, wale vijana wa mitaani wanaoleta wageni, na kamisheni zinatumaliza. Mgeni analipa dola 65, hoteli inakata asilimia 20, akipita kwa papasi na yeye anataka chake, mafuta yapo palepale, ada ya hifadhi ipo palepale, jioni unakuta boti imerudi imejaa watu lakini mfukoni hakuna kitu. Ndo tumekaa kifamilia tukaamua tutafute watu wa maketing.

Zimekuja ofa tatu. Moja ajensi ya Dar, hawa wanafanya kila kitu, benki, saluni, hoteli, wanataka dola 300 kwa mwezi na pesa za matangazo ziwe juu yetu, mkataba mwaka mzima. Ya pili shangazi yangu anaishi Uingereza katupatia ajensi ya kule, wao ni boti tu, hawachukui mteja mwengine yeyote asiyekuwa wa boti, websaiti yao kali sana, ila ni dola 1,500 kwa mwezi. Ya tatu kijana wa mjini ana droni na Instagram yenye folowa wengi, anataka apelekwe tripu bure na alipwe kidogo.

Mie nafsi inaelekea kwa wale wa Uingereza kwa sababu boti ndo kazi yao. Baba anasema pesa hizo bora tununue injini. Sasa mtaalamu wa boti kabisa ana faida kiasi hicho au la? Na nitamjuaje kama kweli ni mtaalamu?

dijitali_dsm

Waalaykum salaam mkuu. Nimefanya kazi kwenye ajensi hapa Dar muda mrefu, sasa nipo kivyangu na kazi za utalii sizichukui tena, kwa hiyo sina ninachokuuzia.

Kabla ya kuuliza nani mtaalamu, angalia kwanza wewe unauza nini, maana biashara ya boti siyo moja. Ajensi za boti za Ulaya na Marekani nyingi wateja wao ni viwanda vya yoti, madalali wa boti zilizotumika, marina, wauza injini na vifaa. Utawakuta kwenye maonesho ya Southampton, Fort Lauderdale, METSTRADE kule Amsterdam, boot ya Düsseldorf kila Januari. Wanajua kumfuata mtu mmoja mwenye hela anayefikiria mwaka mzima kabla hajanunua chombo cha mamilioni, na ni kazi ngumu kweli na wanaiweza. Ila wewe unauza siti ya dola 65 kwa mtu ambaye ameshatua Unguja, yupo hotelini usiku amejilaza na simu anatafuta kesho aende wapi. Huyo anaamua ndani ya dakika kumi. Anaangalia ramani ya Google, anasoma rivyu tano sita, anatuma meseji WhatsApp kwa watu watatu, atakayejibu vizuri wa kwanza ndiye anayemchukua. Kwa hiyo mtaalamu wako ni anayejua kuuza tripu za siku moja, hata kama hajawahi kukanyaga boti, hata kama alichowahi kuuza ni ziara za mashamba ya viungo tu.

Ukitaka kumpima msikilize anachokuuliza. Mzuri kikao cha kwanza hana haraka na slaidi, atakuuliza siti ngapi kwa siku, siku zipi boti inatoka nusu tupu, miezi gani hamtoki, nani anajibu simu, upepo ukizidi mkaghairi pesa ya mgeni inarudi vipi, asilimia ngapi ya wageni wanatoka hoteli na wangapi wamekuja wenyewe. Asiyeuliza nani anajibu simu huyo mwache, nasema kwa nguvu kabisa, kwa sababu nimeona matangazo mazuri yakileta meseji mia na nahodha yupo baharini hana netiweki, anazisoma saa moja usiku mgeni ameshalipa kwa mwingine.

Halafu piga hesabu yako mwenyewe usisubiri wao wakupigie. Chukua hao wa Dar, dola 300 zao na 300 nyingine za matangazo, jumla 600 kwa mwezi. Wakikuletea wageni 30 kila mmoja amekugharimu dola 20. Hoteli inakukata 13 kwa mgeni huyohuyo, maana 20% ya 65 ni 13. Umepata hasara kuliko ulivyokuwa. Lazima walete wageni 47 kwa mwezi ndo muwe sawa na hoteli, na hapo wawe wageni wapya siyo wale ambao wangekuja hata bila wao. Kwa hao wa Uingereza dola 1,500 kabla hujaweka hata senti ya tangazo unahitaji wageni zaidi ya 115 kila mwezi, hata miezi ya masika. Boti zako mbili zina siti ngapi?

mtu_wa_fumba

Mashua watu 14, boti 10. Kwa mwezi mzuri tunatoka karibu kila siku lakini masika, Aprili na Mei, inaweza kupita wiki nzima tumefunga kamba tu.

Hiyo hesabu mkuu nimemwonyesha baba kasema "niliwaambia".

sulisuli_watamu

Hamjambo nyote. Mimi niko Watamu upande wa Kenya, nasimamia ofisi ya boti za uvuvi wa michezo na pia tuna boti ya kioo, yaani yenye kioo chini, ya kupeleka watu kwa hifadhi. Nakubaliana na huyo wa Dar lakini niongeze kitu, kwa sababu kwetu hizi biashara mbili ziko chini ya paa moja na tunaziuza tofauti kabisa.

Boti ya kioo ni kama yako. Mgeni ako hapa tayari, anataka kwenda kesho, ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, analipia eCitizen, tovuti ya serikali, anapanda, anarudi saa saba. Hiyo tunaiuza kwa ramani ya Google, rivyu, na meza yetu pale ufuoni. Hakuna ajensi.

Lakini wavuvi wa sulisuli na nduaro, wale samaki wakubwa wa pua ndefu, ni watu wengine. Huyo anapanga miezi sita, minane kabla, anajua Novemba hadi Januari ni wakati wa sulisuli hapa kwetu, nduaro wanafuata hadi Machi, anauliza mnatumia rili gani, chambo gani, mnaweka tegi na kumwachilia samaki ama mnamuua, nahodha ana miaka mingapi baharini. Anasoma majarida ya uvuvi, ako kwa magrupu ya wavuvi wa Afrika Kusini na Uingereza. Kwa huyo tulichukua mtu mtaalamu wa uvuvi, na kusema kweli analipa, kwa sababu mteja mmoja anachukua boti siku nne tano nzima. Mtu wa kawaida wa dijitali akimwandikia mvuvi wa aina hiyo anajulikana kwa sentensi ya kwanza kuwa hajui kitu, na mvuvi anaenda zake.

Kwa hivyo kaka, kama siku moja mtaanza safari za kulala chomboni, ama kukodisha mashua nzima kwa wiki, ama kupiga mbizi, hapo ndipo wale wa Uingereza waweza kuwa na maana. Kwa siti moja moja ya mchana la.

Na jambo lingine, lugha. Huku kwetu Mtaliano akipata ukurasa wa Kitaliano ulioandikwa na mtu anayejua Kitaliano, anashika simu. Ukiupitisha kwa programu ya kutafsiri unaonekana. Uliza hiyo ajensi nani hasa ataandika Kitaliano, Kipolandi na Kifaransa, na kama wageni wenu ni hao.

nahodha_nungwi

Salaam. Mimi si mtu wa kompyuta ila nimewabeba hawa watu wa kupiga picha mara nyingi nataka kusema upande wetu sie wa chomboni.

Muulizeni huyo mtu wa maketing bamvua ni nini. Simtanii, muulizeni. Kwa sababu siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hapa yanakauka saa nne saa tano asubuhi, fungu linatoka refu jeupe unaweza kucheza mpira, na saa kumi jioni limezama lote huoni hata alama. Maji mafu, yale madogo ya katikati, inageuka, asubuhi ndo maji yamejaa, na yakipwa jioni hayapwi sana, fungu linatoka kipande tu. Sasa wao wanakuja siku moja ya bamvua, wanarusha droni, picha tamu, wanaandika kwenye websaiti "chakula cha mchana juu ya fungu kila siku". Mgeni anakuja siku ya maji mafu ameshika simu yenye picha ananiuliza mimi fungu liko wapi. Rivyu mbaya inaandikwa kwa nahodha na nahodha hakuahidi kitu. Ajensi inayofaa itataka jedwali la maji la mwaka mzima mkononi na kalenda ya bukingi ifuate maji, muda wa kuondoka ubadilike. Huko pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, ndo kabisa, maji yakitoka boti zinakaa mchangani na hakuna wa kuzisukuma.

La pili pomboo. Msikubali picha ya watu wanarukia kundi la pomboo na boti sita zimewazunguka. Zamani ilikuwa inauza, sasa Wazungu wengi wakiona hivyo wanakuogopa, na wenye makampuni ya Ulaya wanakufuta kabisa. Vilevile kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota. Kila mpiga picha anamwambia mgeni akiokote akinyanyue juu ya maji acheke. Kinaweza kufa kile. Na mgeni mwengine akiiona hiyo picha anaandika rivyu ndefu ya kukushitaki. Sisi tumeacha, mgeni anaangalia ndani ya maji hapohapo.

La tatu usalama. Tokea Spice Islander 2011 na Skagit 2012, mtu akiandika Zanzibar na boti kwenye Google anakutana na habari za meli kuzama. Zile ni meli za abiria siyo boti zetu, ila mama aliye na watoto hatofautishi. Picha ya laifu jaketi ya mtoto imevaliwa vizuri imefungwa mkanda wa chini, redio, kisanduku cha huduma ya kwanza, jina la nahodha na uso wake, hizo zinauza kuliko machweo. Ajensi zote zinataka machweo.

mtu_wa_fumba

Nahodha Mungu akuweke, hili la maji sikulifikiria kabisa kuliunganisha na websaiti ingawa kila siku ndo tunaishi nalo. Nimempigia yule wa Dar leo nikamuuliza bamvua, akaniambia atafuatilia. Yule kijana wa droni kajibu palepale, kumbe ni mtoto wa mvuvi wa Kizimkazi.

mbizi_mafia

Kijana huyo usimwache lakini droni ahakikishe ina kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usije ukapata matatizo kwa picha.

Mimi nachangia moja tu, umiliki. Tupo Mafia, tunapeleka watu kuwaona papa potwe kuanzia Oktoba mpaka Machi. Kuna kampuni ilitutengenezea websaiti, domeini wakaiandikisha kwa jina lao, ukurasa wa Google wakaufungua kwa imeili yao, akaunti ya matangazo ya Facebook yao, hata namba ya WhatsApp iliyokuwa kwenye matangazo ni ya ofisi yao. Tulipotaka kuachana nao mwanzoni mwa msimu tukaambiwa tulipe ndo wakabidhi. Rivyu zote za wageni wetu zipo mikononi mwa mtu mwingine, na msimu wa potwe haukusubiri. Ilichukua mpaka msimu ukaisha. Rivyu ndo mali yenyewe kwenye biashara hii, websaiti unaweza kutengeneza nyingine, rivyu za miaka huwezi.

Kwa hiyo fungua kila kitu mwenyewe kabla hujasaini na mtu. Imeili ya kampuni, domeini ya co.tz kwa jina la kampuni, ukurasa wa Google wewe ndo mmiliki mkuu na wao unawaongeza kama mameneja, akaunti ya matangazo ni yako na kadi ni yako wao wanapewa ruhusa ya kufanya kazi ndani. Ukitaka kuachana unabonyeza unawatoa, kesho boti inaendelea. Ajensi inayokataa mpango huu haina sababu nzuri hata moja, wakuambie wanachotaka.

kokoto

Mie naona hauhitaji ajensi kabisa. Chukua binti mmoja mwenye Kiingereza kizuri na Kitaliano kidogo, mpe simu na dawati, ajibu meseji kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, kila mgeni akishuka amwombe rivyu kabla hajafika hotelini. Halafu jiunge na GetYourGuide na Viator, websaiti za kuuza tripu kwa watalii. Wanakata asilimia 20 mpaka 30 lakini hawakati mpaka mgeni amenunua.

dijitali_dsm

@kokoto kwa huyo binti nakuunga mkono asilimia mia, ndiye mtu wa kwanza kuajiriwa hata kabla ya ajensi. Kwa hizo Viator na GetYourGuide pia aingie, ila asihamie huko moja kwa moja kwa sababu atakuwa ametoka kwenye kamisheni ya hoteli ameingia kwenye kamisheni kubwa zaidi, na bei yake itakuwa inalinganishwa na ya kila mtu ukurasa mmoja. Aweke siti chache kule, zile za siku anazojua zinabaki tupu.

Ajensi bado ina kazi yake, ila kazi ndogo yenye mwisho. Mkuu, kwa hali yako ningegawa hivi. Picha na video achukue kijana wa Kizimkazi, Februari, maji meupe, siku za bamvua na siku za maji mafu zote mbili ili mgeni aone ukweli, mlipe kwa kazi hiyo na mwandikiane kuwa picha ni zenu kuzitumia popote. Masika mkiwa mmefunga kamba ndo mtengeneze websaiti ya kurasa chache, Kiingereza kwanza, iwe na bei wazi, ratiba inayofuata maji, ukurasa wa usalama, maswali ambayo wageni huuliza kila siku, hata lile la bima ya lazima ya Zanzibar ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 maana wanaichanganya wanadhani na wewe utawadai. Kuanzia Juni mpe mtu wa matangazo miezi mitatu tu. Tangazo la Google kwa wanaotafuta tripu za boti Unguja, na la Meta, yaani Facebook na Instagram, likilenga simu zilizopo Unguja zenye Kiingereza, Kitaliano, Kipolandi, siyo kurusha Ulaya nzima. Ulaya nzima ni kumwaga pesa, mtu wa Warsaw aliyelaiki picha yako mwezi wa tatu hana habari na wewe akifika Agosti.

Na binti awe na daftari, kila mgeni anaulizwa ametujuaje na inaandikwa. Mwisho wa mwezi unalinganisha daftari na ripoti ya ajensi. Ripoti yao itajaa laiki na "watu waliofikiwa", wewe soma daftari lako.

mtu_wa_fumba

Nimewaelewa wakuu. Mke wa kaka yangu alikuwa mapokezi hoteli ya Wataliano Kiwengwa miaka, Kitaliano anakizungumza, yupo nyumbani sasa na anaitaka kazi. Leo tumefungua imeili na ukurasa wa Google kwa jina la kampuni, wametaka video ya mahali tulipo tukawarekodia bandari na kibao.

Wale wa Uingereza nimewaandikia kistaarabu kuwa si wakati wake, shangazi kaelewa. Wa Dar nimewaambia miezi mitatu kuanzia Juni wakitaka, akaunti zetu, wamesema mwaka ndo utaratibu wao. Nifanyaje hapo, nikaze au nitafute mwengine?

sulisuli_watamu

Kaza. Waambie mwaka sawa, lakini kuwe na kifungu kuwa kila upande waweza kuvunja kwa notisi ya siku 30 bila faini, na miezi ya masika ada inasimama. Wengi hukubali wakiona hautingishiki. Wakikataa vyote viwili tafuta mwengine, mpaka Juni bado una muda. Na uwaulize wakupe wateja wawili wa tripu za siku moja uongee nao kwa simu, wasikuletee majina ya benki.

nahodha_nungwi

Na huyo atakayeshika kazi mpandishe chomboni siku moja nzima, atoke na wageni asubuhi arudi nao jioni, asikae Dar anaandika habari za Menai Bay hajawahi kulowa. Akitapika tangawizi ipo.